Uchaguzi wa Masomo Usiwe Bahati Nasibu

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne hutangazwa wakati wakulima wa bonde la Kilombero wapo mashambani, wengine wakipanda mpunga na wengine wakipalilia. Katika majira hayo hayo, kuanzia Kidatu na Mang'ula hadi Ifakara na Mlimba, na ng'ambo ya mto huko Lupiro na Malinyi, swali moja huulizwa majumbani, madukani na kwenye vibanda vya kupiga chapa: "Kombi ipi inaajiriwa?" Mzazi humuuliza mwalimu, mwalimu humuuliza afisa elimu, na kijana humuuliza yeyote aliyewahi kukanyaga Chuo Kikuu. Majibu huwa mengi, lakini yanayotoka mahali penye takwimu ni machache sana.

Swali hilo si la kipuuzi, wala haifai kuwabeza wanaouliza. Ni kweli kwamba Serikali iliondoa ada katika kidato cha kwanza hadi cha nne tangu Januari 2016, na katika kidato cha tano na cha sita kuanzia mwaka wa fedha wa 2022/23. Hata hivyo mkulima anayempeleka mwanawe kidato cha tano katika mkoa wa mbali bado huuza magunia ya mpunga ili apate nauli, godoro, sare na madaftari. Mtu aliyetoa jasho lake namna hiyo ana haki kamili ya kuuliza linakwenda wapi. Kosa liko kwingine: jibu la swali zito kama hilo limeachiwa uvumi.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Baada ya Uhuru nchi ilikuwa na wataalamu wachache mno, na mpango wa maendeleo wa miaka mitano ulioanza mwaka 1964 uliweka shabaha ya kujitosheleza kwa wataalamu wa ngazi za juu ifikapo mwaka 1980. Nafasi za masomo ya juu zilipangwa kwa kuhesabu mahitaji: wahandisi wangapi, waganga wangapi, walimu wangapi. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu, kwa kufuata fikra za Elimu ya Kujitegemea zilizotolewa na Mwalimu Julius Nyerere mwezi Machi 1967. Kijana wa wakati ule hakuwa na uhuru mkubwa wa kuchagua, lakini alikuwa na hakika moja, kwamba aliyempangia masomo ndiye aliyempangia kazi. Taifa lililomwambia asome Kemia lilikuwa limekwisha kuhesabu mahali pa kumweka.

Hakika hiyo haipo tena. Wahitimu wa leo ni wengi mara nyingi kuliko wa wakati ule, na nafasi katika utumishi wa umma hugombewa. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyotokana na Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 kama ilivyorekebishwa mwaka 2007, ilianza kazi mwaka 2009. Tangu wakati huo maelfu ya vijana wamepita katika usaili wake wa mchujo, wa vitendo na wa mahojiano. Walimu, ambao kwa miaka mingi walipangiwa vituo bila kufanya mtihani wa ajira, nao wameingizwa katika utaratibu huo. Katika usaili wao ulioanza Januari 2025, waombaji zaidi ya laki mbili waligombea nafasi zisizofika elfu kumi na tano. Kila somo lilikuwa na nafasi zake na foleni yake. Aliyesomea kufundisha Historia hakushindana na aliyesomea Fizikia. Alishindana na wenzake wa Historia, nao walikuwa umati.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili unapoonekana. Mwalimu aliyehitimu mwaka 2015 na kuingia katika chumba cha usaili miaka kumi baadaye hakuhukumiwa kwa majibu aliyoyaandika siku ile tu. Kwa sehemu kubwa alihukumiwa na chaguo alilolifanya akiwa na umri wa miaka kumi na sita, katika shule ambayo pengine haikuwa na mwalimu wa Fizikia, na bila mtu wa kumweleza kwamba alikuwa akichagua foleni atakayosimama akiwa mtu mzima mwenye watoto.

Wapo wanaosema kwamba usaili wenyewe ndio ubaya, na kwamba ufutwe. Rai hiyo haina budi kukataliwa. Pale ambapo hakuna mtihani wa wazi, kazi hugawanywa kwa kujuana, na mtoto wa mkulima wa Mlimba hana mjomba wizarani. Usaili unaofanyika kwa haki humkalisha katika kiti sawa na mtoto wa mkurugenzi. Hatua ya kuusogeza usaili mikoani, badala ya kuwalazimisha vijana wote kusafiri hadi Dodoma, ni ya kupongezwa, ingawa kwa kijana wa Ifakara hata mji wa Morogoro uko umbali wa zaidi ya kilomita 200. Hata hivyo usawa wa chumba cha mtihani hautoshi ikiwa njia ya kufikia chumba hicho haikuwa sawa.

Uzoefu wa nchi nyingine unafundisha. Nchini India, ambako mamia ya maelfu ya vijana hugombea utumishi wa Serikali kuu kila mwaka, mtahiniwa hujichagulia somo la hiari litakaloongezwa katika mitihani ya lazima. Kwa miaka mingi masomo hayo ya hiari yalikuwa mawili. Tangu mwaka 2013 yamekuwa moja. Vijana wa huko hutumia muda mwingi kukisia ni somo gani "linatoa alama", hata mhandisi akaacha fani yake na kujifunza somo geni kwa sababu tu ya sifa ya mwaka uliopita. China ya kale ilikuwa na mitihani ya kuingia utumishi kwa zaidi ya miaka 1,000, hadi ilipofutwa mwaka 1905, na katika karne zake za mwisho wasomi wengi walikuwa mabingwa wa kuandika insha za mtindo uliotakiwa huku nchi ikihitaji watu wa kujenga reli na viwanda. Mtihani wa ajira ukigeuka kuwa ndio shabaha ya elimu, elimu hupotea na ajira haiongezeki.

Hatari hiyo inabisha hodi hapa nchini. Mwezi Machi 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 za kidato cha tano, ambazo pamoja na zile 16 za zamani zilifanya jumla ya tahasusi 65, na wanafunzi waliomaliza kidato cha nne mwaka 2023 wakapewa muda hadi mwisho wa Aprili kubadili machaguo yao. Tahasusi hizo zinagusa sayansi ya jamii, lugha, biashara, sayansi, michezo, sanaa na elimu ya dini. Nia ni njema, kwani inamtoa kijana katika kichochoro cha PCB, HGL na EGM na kumfungulia uwanja. Lakini mtu anayeonyeshwa milango 65 bila kuambiwa kila mmoja unaelekea wapi hajaongezewa uhuru, ameongezewa mashaka. Katika mashaka hayo kila mwenye sauti kubwa hugeuka kuwa mshauri.

Uvumi una kasoro moja isiyotibika: daima huzungumza habari za jana. Mwanafunzi aliyeanza kidato cha tatu mwezi Januari 2026 atamaliza kidato cha nne mwishoni mwa mwaka 2027, kidato cha sita mwaka 2030, na shahada ya miaka mitatu mwaka 2033. Akichagua udaktari wa binadamu, miaka itaongezeka. Anayemwambia leo kwamba somo fulani "linalipa" anamweleza hali ya soko la sasa, ilhali yeye ataingia sokoni baada ya miaka saba au zaidi. Vijana waliokimbilia ualimu kwa sababu kaka zao waliajiriwa wote walifika wakakuta mlango umejaa. Wanaokimbilia jambo lolote leo kwa sababu hiyo hiyo wanaweza kukutwa na yale yale.

Ni kipi basi kinachoweza kumwongoza kijana wa Kilombero? Jibu la kwanza liko mbele ya macho yake. Sehemu chache za nchi zimekusanya shughuli nyingi za kitaalamu kama bonde hili. Mjini Ifakara ipo Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko na chuo chake kikuu kishiriki cha afya. Ipo Taasisi ya Afya ya Ifakara, iliyoanza katika miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi na ambayo utafiti wake wa malaria na vyandarua vyenye dawa unajulikana duniani kote. Kipo kituo cha TARI Ifakara, ambacho wazee wanakijua kwa jina la KATRIN, kinachoshughulikia mbegu za mpunga. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kimefanya kazi tangu miaka ya 1960. Mitambo ya umeme ya Kidatu ina uwezo wa megawati 204 na ya Kihansi megawati 180. Reli ya TAZARA imekata bonde kutoka Mang'ula hadi Mlimba, na mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba wa kuifufua. Juu ya milima ya Udzungwa ipo hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1992, na chini yake lipo tambarare la mafuriko lililoingizwa mwaka 2002 katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, makazi ya mnyama aitwaye sheshe.

Kila moja ya kazi hizo ina masomo yake. Muuguzi na tabibu hawawezi kupatikana bila Biolojia, Kemia na Fizikia, na hapa lipo jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Kwa utaratibu uliozoeleka, mwanafunzi anaweza kuacha Fizikia na Kemia anapoingia kidato cha tatu. Wengi huziacha kwa furaha, kwa kuogopa hesabu zake au kwa sababu hakuna wa kuwafundisha. Miaka miwili baadaye huja kuomba stashahada ya uuguzi au ya utabibu, na huambiwa kwamba masomo hayo ndiyo mlango. Msichana anayekaa hatua chache kutoka hospitali ya rufaa anafungiwa mlango wake kwa saini aliyoitia akiwa mtoto. Tahasusi 65 za kidato cha tano hazimsaidii, kwa kuwa uchaguzi wake ulikwisha kufanyika zamani.

Vivyo hivyo, wasidhani wazazi kwamba masomo yasiyo ya sayansi ni takataka. Bonde hili limeshuhudia migogoro mikali ya wakulima na wafugaji, na mwaka 2012 ilifanyika operesheni ya kuondoa mifugo. Mto Lumemo unapofurika hadi mitaa ya Ifakara, na mto Kilombero unapopeleka zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji kwenye bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115, panahitajika watu wanaojua Jiografia, ramani na tabia ya maji. Panahitajika watu wa ardhi, wa sheria, wa uchumi, na wanaojua kuzungumza na Mndamba, Mbunga, Mpogoro, Msukuma na Mmasai kwa lugha ya kuelewana. Somo halina thamani kwa jina lake. Linapata thamani kwa kazi linayoiwezesha na kwa uwezo wa mtu anayelisoma.

Hapa pana onyo ambalo lazima litolewe bila kuficha. Ushauri kwamba kijana aangalie kazi za bonde lake usigeuzwe kuwa amri kwamba mtoto wa mkulima abaki na jembe. Wakoloni walileta masomo ya kilimo mashuleni, na wazee wetu wakayatilia shaka, kwa kuwa waliona watoto wa Wazungu wakisoma sheria na uhandisi huku wa kwao wakilima matuta. Hata michepuo ya miaka ya 1970, iliyobuniwa na Serikali yao wenyewe, ilidhoofika kila mahali ambapo shamba la shule lilifanywa adhabu badala ya darasa, na trekta la mafunzo likaharibika bila wa kulitengeneza. Sasa elimu ya amali imerudi kwa nguvu katika mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024. Ni jambo la heri, kwa sharti kwamba mtoto wa mkubwa naye aonekane humo. Nchi ambayo mtoto wa afisa huchagua PCM, na mtoto wa mkulima huchaguliwa ufundi, itakuwa imerudisha kwa mlango wa nyuma matabaka ambayo Azimio la Arusha lilikusudia kuyavunja.

Kwa hiyo wajibu ni wa wengi, na kila mmoja autimize wake.

Serikali ina wajibu wa kwanza, wa kutoa hesabu. Inajua watumishi wake ni wangapi, wa kada gani, na watastaafu mwaka gani. Ichapishe kila mwaka, kwa Kiswahili chepesi, makadirio ya mahitaji ya kila kada na kila somo la ualimu kwa miaka kumi ijayo, na karatasi hiyo ifike katika kila shule ya sekondari kabla wanafunzi hawajajaza machaguo yao. Makadirio si ahadi ya kazi, na yanaweza kukosea. Lakini yatakosea kidogo kuliko uvumi wa stendi ya mabasi.

Sekretarieti ya Ajira nayo itoe mwanga zaidi. Kijana aliyeanguka katika mchujo aambiwe alianguka wapi, ili ajirekebishe badala ya kurudi nyumbani akiamini kwamba alirogwa au kwamba nafasi zilikuwa na wenyewe. Usaili wa haki hauogopi kuelezwa.

Halmashauri, hasa wakurugenzi na maafisa elimu wake, waache kuridhika na idadi ya madarasa yaliyojengwa. Majengo ya maabara bila vifaa, na shule ya sekondari bila mwalimu wa Fizikia, ni uchaguzi uliofanywa kwa niaba ya mtoto na bila ridhaa yake. Ufadhili wa Samia kwa wanafunzi wanaofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi katika kidato cha sita, ulioanza mwaka 2022, ni mkono wa heri kwa waliokwisha kufika juu. Kazi ya halmashauri ni kuhakikisha kwamba mtoto wa kijiji kinachokatika barabara wakati wa masika anafika mahali ambapo mkono huo unaweza kumgusa. Madiwani na viongozi wa Chama katika kata wasiulize shule ina vyumba vingapi tu. Waulize ni masomo gani hayana walimu, na tangu lini.

Walimu, kila shule iwe na mmoja aliyepewa muda na maarifa ya kuwashauri wanafunzi, tena mapema, kidato cha pili kabla ya kuacha somo lolote. Ushauri unaotolewa baada ya matokeo ni sawa na kumwonyesha mtu daraja akiwa amekwisha kuvuka mto kwa kuogelea.

Wazazi nao wawasikilize watoto wao. Kijana asiyeiweza Hisabati hatageuzwa mhandisi kwa viboko wala kwa masomo ya ziada ya usiku, na kijana mwenye kipaji cha lugha hana sababu ya kuonewa haya. Baba anayemlazimisha mwanawe tahasusi ya jirani anaweza kumpatia vyeti viwili vibaya badala ya kimoja kizuri.

Hatimaye ni vijana wenyewe. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo inamsuta yule anayetumia msimu mzima kutafuta mpini laini, huku wenzake wamekwisha kupanda. Katika masomo pia wapo wanaohama kutoka tahasusi hadi tahasusi wakisaka ile yenye ajira, wasipate umahiri katika yoyote. Ukweli unaopaswa kusemwa ni kwamba hakuna somo lenye ajira ndani yake, na wengi wa wanaosoma leo hawataajiriwa na Serikali, hata wakichagua kwa busara namna gani. Kijana achague somo analoliweza, linaloacha wazi milango mingi zaidi, na ambalo hata asipoitwa kazini litamfaa katika bonde lenye mpunga, miwa, umeme, reli na wagonjwa wa kutibiwa.

Lakini methali hiyo isitumiwe kuwanyamazisha wanaodai jembe. Mkulima halaumiwi kwa kukosa kulima akiwa hajapewa hata moja. Kabla ya kumlaumu kijana wa Mlimba kwamba hakuchagua vema, ni lazima kwanza awe amepewa cha kuchagua.